Mwenyeji wa Unguja ni Nani?



Juma lililopita nilipokea barua isiyo na jina wala anwani. Mwandishi wake alikuwa amenisikiliza nikizungumza juu ya zao la karafuu, hakupendezwa, na hiyo ni haki yake. Lakini juu ya karafuu hakunijibu neno. Aliandika mistari minne tu, na muradi wake ulikuwa huu: mimi si mwenyeji wa Unguja, babu yangu alikuja kuchuma karafuu za watu, na kwa hiyo mambo ya Unguja niwaachie wenyewe.

Kuhusu babu amesema kweli. Alitoka Unyanyembe, akavuka bahari kwa ajili ya msimu mmoja wa karafuu, akapapenda, akabaki. Mwaka 1947 akamleta mkewe, yaani bibi yangu. Baba alizaliwa huko, akaja Dar es Salaam kutafuta kazi, na mimi nikazaliwa huku. Kwa hiyo bara naitwa mtu wa visiwani, na visiwani naitwa mtu wa bara. Jambo hilo nimelizoea zamani, na mara nyingine hulicheka.

Barua ile ningeitia kapuni kama ninavyozitia nyingine. Kilichonizuia ni lile neno "wenyewe". Katika visiwa hivi neno hilo si la mzaha. Mwezi Juni 1961, uchaguzi ulipofanyika, ghasia zilizozuka Unguja ziliua watu 68, wengi wao Waarabu wa mashamba. Miaka miwili na nusu baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakaja Mapinduzi, na hesabu ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Kabla ya panga yalitangulia maneno. Magazeti ya siasa ya miaka ile yalikuwa yakishindana kila juma: huyu ni mgeni kwa sababu alikuja kwa jahazi kutoka Oman, yule ni mgeni kwa sababu alikuja kwa mashua kutoka bara. Kila upande ulikuwa na mgeni wake, na kila upande ulijihesabu kuwa ndio wenyewe.

Basi na tuulize. Mwenyeji wa Unguja ni nani?

Tuanze na neno lenyewe, maana Kiswahili hakikulificha. Mwenyeji ni mwenye mji. Halisemi habari ya kuzaliwa wala ya damu. Linasema habari ya kumiliki na ya kupokea. Ndiyo maana mtu akikukaribisha nyumbani kwake humwita mwenyeji wako hata kama nyumba ni ya kupanga. Watawala wa zamani wa Unguja, wale wa Dunga ambao wa mwisho wao alifariki mwaka 1873, waliitwa Mwinyi Mkuu, na mwinyi ni mwenye yule yule. Ngoma zao na siwa yao ndizo zilizokuwa hati yao ya kumiliki nchi. Na raia wao waliitwa Wahadimu, jina linalotokana na Kiarabu, na maana yake ni watumishi. Yaani watu wenye dai la zamani kuliko wote katika kisiwa kile walipewa jina la utumishi, na kwa lugha iliyokuja kwa jahazi!

Kuna na neno mzalia, ambalo leo tungelidhani ni la heshima. Katika karne ya 19 mzalia alikuwa mtumwa aliyezaliwa pwani, tofauti na yule aliyeletwa juzi kutoka bara. Alikuwa amezaliwa hapa hapa, anajua lugha na desturi zote, na bado hakuwa muungwana. Kwa hiyo wazee wetu wa pwani walijua vyema kwamba kuzaliwa mahali ni jambo moja na kuwa mwenye mahali ni jambo jingine. Sisi ndio tuliokuja kuyachanganya, tulipoanza kusema uzawa.

Sasa tuingie katika hadithi, maana kila mji una hadithi ya jinsi ulivyopata wenyewe. Jambo la ajabu ni kwamba watu wengi duniani hujivuna kuwa walichipuka ardhini kama uyoga, lakini sisi wa pwani tumejivuna kwa kuwa tulikuja. Hadithi kubwa ni ile ya Washirazi. Mwana wa mfalme wa Shiraz, Uajemi, anaondoka na ndugu zake na baba yake katika merikebu saba, na kila merikebu inatia nanga mahali pake. Mmoja anafika Kilwa. Anamkuta mtawala wa pale, mtu wa bara, anamwomba amuuzie kisiwa. Bei ni nguo, tena nguo za kutosha kukizunguka kisiwa kizima. Mtawala anazipokea anaondoka. Wakati huo, hadithi yasema, maji yakipwa mtu aliweza kuvuka kwa miguu kutoka bara hadi Kilwa. Mgeni akahofu muuzaji asije akajuta akarudi na watu wake, kwa hiyo akauchimba mkondo ukawa na kina, na Kilwa ikawa kisiwa moja kwa moja.

Naomba msikilizaji auweke mkondo huo moyoni, maana nitaurudia. Habari hizi ziliandikwa katika tarehe ya Kilwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, na Mreno João de Barros akazitaja katika kitabu chake cha mwaka 1552. Si maneno ya barazani tu.

Kizimkazi wanayo yao. Pale upo msikiti wenye maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe, na tarehe yake ni mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107. Inasimuliwa kwamba mfalme wa pale aliitwa Kizi, na kwamba maadui walipomvamia kwa mara ya pili alikimbilia pangoni, akaomba, na jiwe likamfunga ndani. Sijui msikilizaji atachukuliaje, lakini mimi nilipoisikia mara ya kwanza nilishtuka. Mtu ambaye hadithi zinamhesabu katika ukoo wa waliokuja kwa merikebu anamalizikia ndani ya mwamba wa Unguja.

Na Makunduchi? Huko ndiko watu husema Unguja yenyewe imebaki. Kila mwaka, mwezi Julai, husherehekewa Mwaka Kogwa. Wanaume hupigana kwa vikonyo vya migomba ili mafundo ya mwaka mzima yaishe, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake huimba. Wenye kuiongoza shughuli hiyo ni wavyale, watu wa koo zinazohesabiwa kuwa ndizo zilizofungua ardhi ile na kupatana na mizimu yake. Mtu akitaka kulima uwandani, mvyale ndiye aliyekuwa akimwombea ruhusa. Basi hapo tungesema tumefika mwisho wa safari, tumempata mwenyeji. Lakini huo mwaka unaokogwa ni mwaka gani? Ni Nairuzi, mwaka wa jua wa Waajemi, wenye miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za ziada. Mvuvi wa Makunduchi asiyejua Uajemi iko upande gani amehesabu pepo zake kwa kalenda hiyo kwa karne nyingi.

Niseme jambo moja kwa haki. Si kila mahali hadithi zimekwenda hivi. Wakikuyu husimulia kwamba Ngai mwenyewe alimpa Gikuyu nchi, akamwonyesha Mukurwe wa Nyagathanga akae pale na Mumbi. Lakini hata wao, ukiendelea kuwasikiliza wazee, watakutajia Wagumba na Waathi waliokutwa katika misitu ile. Na Wagiriki wa Athens ndio waliopita mpaka. Walisema mfalme wao wa kale, Erechtheus, alizaliwa na ardhi, na wazee wao walibana nywele kwa vibanio vya dhahabu vyenye sura ya nyenje, mdudu anayetoka udongoni. Mwaka 451 kabla ya Kristo, Pericles akapitisha sheria kwamba raia ni yule tu ambaye baba na mama wote ni wa Athens. Kisha yeye mwenyewe akaishi na Aspasia, mwanamke wa Miletus, wakazaa mtoto. Tauni ilipowaua wanawe wa ndoa ya kwanza, mzee yule ilimbidi asimame mbele ya watu na kuomba sheria yake mwenyewe ilegezwe, mtoto wake aliyebaki apate kuwa raia. Walimkubalia kwa huruma.

Wagiriki hao wanatuvusha kwenye mawe. Lile neno lao la kujiita watu wa ardhi ile ile, wanajiolojia wameliazima. Kwao kuna jiwe lililobaki pale pale lilipofanyika, na kuna jiwe la kuja, lililosukumwa na nguvu za chini ya ardhi likalalia mawenzake. Nchi yetu inayo yote mawili. Kiini cha Tanzania, kuanzia Dodoma na Singida kupanda hadi Mwanza na Geita, ni mwamba wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Upande wa mashariki yake umo ukanda mrefu unaoteremka mpaka Msumbiji, na yapata miaka milioni 600 iliyopita mabara mawili ya zamani yaligongana, mawe ya ukanda huo yakasukumwa kuelekea magharibi yakapanda juu ya kingo za mwamba mkongwe. Mwenyeji wa kweli kweli katika Jamhuri hii, basi, yuko Dodoma, na hajawahi kudai chochote.

Unguja haimo katika hesabu hiyo. Sehemu kubwa ya uwanda wa mashariki na kusini ni jiwe la matumbawe, yaani mifupa ya vijidudu vya bahari vilivyojenga miamba wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Bahari ikashuka, miamba ikabaki nje, watu wakaja wakaikata, wakaichoma chokaa, wakajenga Mji Mkongwe. Ukitazama vizuri ukuta usiopakwa lipu utaona maua ya matumbawe na maganda ya chaza. Nyumba zote zile, za Mwarabu na Mhindi na Mngazija, zimejengwa kwa vitu vilivyokuwa hai chini ya maji.

Kisha bahari ikashuka zaidi, na hapa ndipo hadithi ya mkondo inaporudi. Yapata miaka 20,000 iliyopita, wakati wa baridi kuu ya dunia, maji mengi yalikuwa yamegandia katika nchi za kaskazini, na usawa wa bahari ulikuwa chini ya wa leo kwa mita kama 120. Mkondo kati ya Unguja na Bagamoyo si wa kina. Mahali pengi ni makumi ya mita tu. Maana yake ni kwamba mkondo haukuwapo. Unguja ilikuwa kilima cha bara. Mtu angeondoka Bagamoyo asubuhi akatembea kwa miguu hadi Jambiani bila kulowesha nguo, akilala njiani bila shaka, na akichunga simba.

Na watu walitembea hivyo. Kwenye uwanda karibu na Jambiani lipo pango liitwalo Kuumbi. Wenyeji, nalitumia neno hili sasa kwa tahadhari, wamelitumia kwa mambo ya mizimu kwa muda mrefu. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba humo mwaka 2005, na timu nyingine ikachimba mwaka 2012. Walikuta zana za mawe na vichokoo vya mifupa, na pamoja navyo mifupa ya wanyama walioliwa, wakiwamo punda milia na nyati. Punda milia Unguja! Tabaka za chini zina umri wa miaka yapata 20,000. Hao ndio watu wa kwanza wa Unguja tunaowajua, na hawakufika kwa merikebu saba wala kwa mashua. Walifika wakifuata nyama.

Hebu sasa tumpe kila mtu haki yake: je, hao ndio wenyeji? Bahari ilipopanda tena, kisiwa kikakatika, punda milia wakatoweka. Wachimbaji wa 2012 waliona kwamba pango nalo lilibaki kwa maelfu ya miaka bila dalili za kukaliwa, kisha likakaliwa tena katika miaka elfu ya kwanza baada ya Kristo, wakati ule mji wa Unguja Ukuu ulipokuwa ukianza kufanya biashara na watu wa ng'ambo. Kati ya hao wa kwanza na hao wa pili hakuna kamba tunayoweza kuishika. Pengine waliondoka kufuata wanyama bara, na wajukuu wao wako Singida hivi leo wakisubiri basi.

Pemba ni habari nyingine kabisa, na wanaosema "Zanzibar" kana kwamba ni kitu kimoja wangefaa kuliangalia jambo hili. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita. Ulitokana na ardhi kupasuka na kudidimia mamilioni ya miaka iliyopita, na hata bahari iliposhuka mita 120 Pemba ilibaki kisiwa. Ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui na ina kima punju, wanyama waliokuja kwa miguu, na Pemba haikuwa nao. Kima punju walioko msitu wa Ngezi walipelekwa na watu katika miaka ya 1970. Wao nao ni wabara, ukipenda, waliohamishwa mara mbili.

Lakini Pemba ina kiumbe kimoja ambacho dunia nzima hakuna mahali pengine kinapopatikana kiasili. Ni yule popo mkubwa mwenye manyoya mekundu, popo wa Pemba, alaye embe na shelisheli. Kama kuna mzawa wa Pemba ni huyu. Sasa tazama ukoo wake. Bara la Afrika halina popo wa jamii hiyo hata mmoja. Jamaa zake wako Mafia, Ngazija, Madagaska, na wengi wako Asia hadi Australia. Mababu zake waliruka kisiwa kwa kisiwa, wakavuka Bahari ya Hindi yote, wakafika Pemba, wakaishia pale bila kuvuka zile kilomita chache zilizobaki za kufika Tanga. Mpemba wa asili kuliko wote amekuja kutoka mashariki, kama wale wa merikebu.

Mimea sitaitaja sana, itatukalisha mpaka usiku. Mnazi asili yake ni Asia, mwembe vivyo hivyo. Muhogo na mahindi vilitoka Amerika katika zama za Wareno. Mkarafuu, ambao mwandishi wa barua anaulinda nisiuseme, uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 ukitokea visiwa vya Wafaransa, na huko ulitoka Maluku. Babu yangu na karafuu hawakupishana sana kwa kufika. Yeye alichelewa miaka mia na ushei.

Na damu? Mwezi Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa mabaki ya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi, wengi wao katika miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Kilwa na Songo Mnara. Profesa Chapurukha Kusimba, Mkenya, alikuwa mmoja wa walioongoza kazi hiyo. Matokeo yake yaliwavuruga wote waliokuwa wakibishana. Waliosema Ushirazi ni uzushi mtupu walikuta kwamba upo kweli. Waliosema mji wa pwani ni wa Waajemi walikuta kwamba mama zao karibu wote walikuwa Waafrika. Wanaume wa Uajemi walianza kuoa hapa yapata mwaka 1000, jambo linalokaribiana mno na tarehe za hadithi, na katika wengi wa waliochunguzwa zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Afrika, kupitia upande wa mama. Tahadhari moja: makaburi mengi yaliyochimbwa ni ya watu wenye nafasi, waliozikwa karibu na misikiti. Mvuvi na mtwana hawakujengewa makaburi ya mawe, na hatujui damu yao ingesema nini.

Nimesema haya yote kwa kirefu ili tufike hapa: jinsi jina la asili linavyoweza kubadilika mtu akiwa amekaa pale pale. Katika sensa ya 1924 ya Zanzibar watu zaidi ya 30,000 walijiandikisha kuwa Waswahili. Katika sensa ya 1931, miaka saba tu baadaye, waliojiita hivyo walikuwa kama 2,000. Hakukuwa na tauni wala hijra. Neno Mswahili lilikuwa limekwisha kunukia utumwa, na watu wakalivua kama kanzu iliyochafuka, wakavaa Uhadimu, Utumbatu na Ushirazi. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwapanga watu kwa jamii zao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili hata chakula cha mgawo kiligawiwa kwa jamii. Nani asingetafuta asili yenye wali? Mwaka 1957 chama kikaundwa ambacho jina lake lenyewe lilibeba pande mbili, Afro-Shirazi, kwa kuwa bila kuziunganisha hesabu haikukaa sawa. Siwacheki waliobadili majina. Mimi mwenyewe katika fomu za shule niliandika makabila mawili tofauti, kutegemea mwalimu.

Leo mstari umewekwa na sheria. Sheria ya Mzanzibari ya mwaka 1985 huanza kuhesabu na waliokuwa wakiishi visiwani kabla ya Mapinduzi na hadi siku ile ya 12 Januari 1964. Ni mstari mzuri kuliko merikebu saba, kwa sababu una tarehe, na babu yangu alikuwa upande wake wa ndani kwa miaka mingi. Nasikia wapo ambao kwao mstari huo ni mkali, na wapo ambao kwao ni mlegevu mno. Kwa mwandishi wangu wa barua nadhani ni mlegevu.

Ninamalizia kwa kaburi, maana ndilo lililonifanya nianze kuyasoma mambo haya.

Bibi yangu alifariki mwaka 2008, baada ya kukaa Unguja miaka 61. Unyanyembe hakurudi hata mara moja. Miaka yake ya mwisho aliishi kwa shangazi yangu, aliyeolewa katika kijiji kimoja cha upande wa uwandani, na huko ndiko alikofia. Nilivuka na boti ya asubuhi nikakuta kaburi linachimbwa. Ambaye hajawahi kuchimba kaburi kwenye jiwe la matumbawe hawezi kuelewa. Jembe halina kazi pale. Ni mtaimbo, tindo na nyundo, na vijana hupokezana kila baada ya dakika chache. Vipande vilivyotupwa juu vilikuwa vimejaa maganda ya kome, mengine mazima kabisa, yakiwa yamekaza ndani ya jiwe kama zabibu ndani ya mkate.

Palikuwa na mzee mmoja, mkwe wa upande wa mume wa shangazi, amekaa kivulini. Akasema, si kwa sauti kubwa lakini sote tulisikia, kwamba huyu marehemu kwao ni bara, na ilikuwa vyema arejeshwe kwao akazikwe na watu wake. Pakawa kimya. Mimi nilikuwa kijana, damu inachemka, nikaanza kutafuta maneno ya kumjibu. Sikuyapata kwa wakati. Mchimbaji mkubwa, mtu mwenye mvi ambaye nilikuja kuambiwa baadaye kwamba ni wa ukoo wa wavyale wa pale, alitoka shimoni taratibu, akapangusa jasho, akamnyooshea yule mzee mtaimbo.

"Shika, mwenzangu. Vijana wamechoka, na jua linapanda."

Mzee aliutazama ule mtaimbo. Kisha akavua kanzu, akaikunja, akampa mtoto mmoja aishike, akashuka. Alichimba kwa muda mrefu kuliko alivyotarajiwa mtu wa umri wake, na baada ya mazishi alikula wali nasi.

Yeye naye alifariki miaka sita baadaye. Amezikwa katika makaburi yale yale, hatua chache kutoka kwa bibi. Shangazi alinieleza kwamba kaburi lake lilichimbwa tangu alfajiri hadi karibu na alasiri, kwa sababu upande ule jiwe ni gumu zaidi.